Daftari la Mwanaiddi na Sahani ya Hadia

Mwanaiddi hali kwa watu. Hilo ndilo jambo la kwanza utakaloambiwa ukiuliza habari zake hapa Misunkumilo, na utaambiwa kwa sauti ya kumsema. Kukiwa na msiba anafika mapema, anakaa mkekani na kina mama, analia pamoja nao, na sufuria zikianza kufunuliwa anajifunga khanga yake vizuri, anaaga. Harusini haendi kabisa. Siku ya Idi anaswali, anapeana mikono na watu, halafu anarudi kwake kula wali aliopika mwenyewe kwenye kisufuria cha mtu mmoja. Wengine wanasema anajisikia. Wengine wanasema anaogopa kuwekewa kitu. Mimi nilikuwa nasema yote mawili, kutegemea nimeamkaje siku hiyo.

Sababu yenyewe ni daftari. Mwanaiddi ni muuguzi katika hospitali moja hapa mjini Mpanda, jina lake tuliache, na kwa miaka tisa sasa ndiye anayeshika daftari la wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Sisemi wale wa dharura. Aliyepasuka utumbo au mjamzito aliyekwama haandikwi popote, anaingizwa moja kwa moja. Daftari ni la wenye ngiri, wenye tezi la shingo, wenye uvimbe kwenye kizazi, watu wanaotembea na ugonjwa wao sokoni na shambani huku wakisubiri kuitwa. Daktari bingwa ni mmoja tu, Dokta Ponsian, na anapasua Jumanne na Alhamisi, watu wanne kila siku. Majina ndani ya daftari hayajawahi kushuka chini ya mia.

Dokta anampima mgonjwa na kuandika herufi pembeni ya jina. A, huyu asikae sana. B, huyu anaweza kusubiri lakini asisahaulike. C, huyu hata mwakani. Ukisikia hivyo utadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza, maana ndani ya B peke yake wamo watu themanini, wote wanaumwa, na kila mmoja ana mtoto wa shangazi anayejuana na mtu. Hapo dokta humwachia Mwanaiddi. "Panga, sista," anasema, anaenda zake. Naye hupanga kwa tarehe ya kuandikwa, uwe mwenye lori au mwenye jembe.

Najua kwa sababu nilijaribu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ua wangu umepakana na wake upande wa nyuma. Nami niliwahi kuandikwa humo, ngiri, herufi C. Nikamtuma mke wangu kwake na chupa ya chai na maandazi. Maandazi yalirudi bado yana moto. Nilisubiri mwaka na miezi miwili nikiwa nimenuna, na siku ya kupasuliwa yeye ndiye aliyenishika mkono kabla sijapewa nusu kaputi, nami sikumsemesha. Nasema haya ili ujue anayekusimulia si malaika.

Kisa cha kutokula kilianza na harusi ya binti wa Sadalla, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa daftari. Mwanaiddi alikula pilau akashiba, akacheza, akapewa na khanga. Keshokutwa yake Sadalla akafika wodini, akauliza kwa upole kabisa mama yake mzazi ni wa ngapi kwenye orodha. Hakuomba apandishwe. Aliuliza tu. Mwanaiddi akafungua daftari, na anasema alipokuwa analitafuta jina la yule bibi alihisi ladha ya lile pilau mdomoni. Hakumpandisha, lakini mkono ulitaka, na hilo lilimtisha. Tangu siku ile akafunga mdomo. Mumewe alikuwa ameshafariki, na mwanawe Farhan yuko Dodoma na familia yake, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia amezidisha. Rafiki zake walimwalika mara mbili, mara tatu, wakaacha. Mtu akikataa chakula chako kila mara, unakosa hata pa kuanzia kumwita.

Akabaki Hadia. Huyu ana duka la vyombo vya plastiki karibu na soko, na nyumba yake iko upande wa pili wa uzio wa michongoma wa Mwanaiddi. Ni mwanamke wa maneno mengi, anacheka kabla hajamaliza kusema kinachochekesha. Sahani yake ya kwanza ilipokataliwa hakununa kama mimi. Alisimama palepale penye uzio, akasema, "Mama Farhan, naapa mbele ya hii sahani. Niumwe mimi, aumwe mama yangu, aumwe nani, habari ya daftari lako sikuulizi hata siku moja. Sasa kula, wali unapoa."

Mwanaiddi akala. Kwa miaka sita, kila Ijumaa baada ya swala, sahani ilipita juu ya michongoma. Ilikuwa ya kauri, ina maua mekundu ukingoni, moja kati ya sita alizopewa Hadia kwenye harusi yake, na ilifunikwa kwa nyingine ya bati. Sisi hapa haturudishi sahani ya jirani tupu, kwa hiyo Jumamosi ilirudi na sukari kidogo, au vitunguu, au mayai mawili. Katika dunia nzima, chakula kilichopikwa na mkono wa mtu mwingine ambacho Mwanaiddi alikuwa anakula ni hicho, mara moja kwa wiki.

Mwaka jana katikati Hadia akaumwa. Uvimbe kwenye kizazi, damu siku kumi kila mwezi. Dokta Ponsian akaandika B. Hadia akapanga foleni dirishani na wengine, Mwanaiddi akaliandika jina lake, wakatazamana, Hadia akampisha aliyefuata. Kwa miezi minane Hadia akasubiri huku anapitisha sahani, na hakuuliza. Mke wangu alimwambia, wewe mjinga, si uulize tu umefika wapi? Hadia akajibu, "Niliapa. Halafu nikiuliza, Ijumaa yule atakula wapi?"

Sasa nieleze habari ya simu, maana yote yaliyotokea yametokea hapo.

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi Mwanaiddi alikuwa anakaa mezani na simu ya ofisi kuwaita wagonjwa wa wiki hiyo. Zamani, kabla yake, watu walikuwa wanaitwa hawatokei, kitanda cha upasuaji kinashinda kitupu na dokta kasimama tu na glavu mkononi. Mwanaiddi akatunga utaratibu wake. Kila mtu anapigiwa simu tatu, kwa kupishana nusu saa. Asipopatikana zote tatu, anaandikiwa H kwa kalamu nyekundu, yaani hapatikani, anaitwa anayefuata, na yeye anarudi mwisho wa herufi yake kuanza upya. Kitanda hakikukaa kitupu tena. Wageni wa wizara walipokuja, dokta aliusifu utaratibu huo mbele yao. Mwanaiddi alijivunia jambo hilo kuliko lolote alilowahi kufanya, ukimtoa Farhan.

Jumatatu moja ya Februari mwaka huu zamu ya Hadia ikafika. Asubuhi ile walisalimiana penye uzio, Mwanaiddi akijua tayari, na hakumwambia. Saa tatu kamili akampigia kwa sauti ya kazini, akamtajia majina yake yote mawili, kwamba anatakiwa kulazwa Jumatano saa kumi jioni, kupasuliwa Alhamisi. Hadia akacheka mpaka wateja wakageuka. "Ndiyo, sista," akasema. "Nimekusikia, sista." Siku hiyohiyo akamwita dada yake Kauthar aje na treni kutoka Tabora kumuuguza.

Kesho yake, Jumanne, akaja Libérat.

Ni mkulima wa Katumba, tumbaku na mahindi, mtu wa miaka arobaini na ushee. Alikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi, kofia mapajani, akiwapisha wote waliokuja baada yake. Saa saba, benchi likiwa limebaki na yeye tu, Mwanaiddi akamwona.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, baba. Una shida gani?"

"Mimi ni mume wa Athanasie. Nimekuja kuuliza tu kama jina lake lilipotea."

Mwanaiddi anasema alikasirika kidogo, maana kwenye daftari lake majina hayapotei. Akafunua kurasa za nyuma, akalipata. Athanasie, Katumba, tezi la shingo, B. Aliandikwa miaka miwili na miezi miwili iliyopita. Mbele ya jina zilikuwapo H tatu nyekundu.

"Halijapotea. Tumempigia. Agosti ya mwaka juzi, Aprili ya mwaka jana, na Desemba hii iliyopita. Kila mara simu tatu. Hamkupatikana." Akamgeuzia daftari aone mwenyewe.

Libérat akazitazama zile H. "Mlipiga saa ngapi, sista?"

"Jumatatu, saa tatu asubuhi. Tunapiga saa hiyo kila wiki."

"Aa," akasema Libérat. "Jumatatu saa tatu simu iko kwa Anuari."

"Anuari ndiye nani?"

"Wa chaji. Kwetu kule ndani umeme haujafika, nguzo zimeishia barabarani. Anuari ana jenereta, anawasha Jumatatu na Ijumaa. Tukienda shamba tunamwachia simu, jioni tunapita kuchukua. Anazizima zote. Anasema zikizimwa zinajaa haraka, halafu hazimpigii kelele."

"Simu za nani hizo?"

"Za watu wote, sista. Zinajaa meza mpaka nyingine anaweka chini." Akamtazama, akaona hajaelewa, akaongeza kwa heshima, "Kila mtu anajua."

Hakuwa analaumu. Alisema kama mtu anavyomweleza mgeni njia ya kisimani. Mwanaiddi akamwambia amlete mkewe kesho asubuhi na mapema. Alipoondoka, akafunga mlango wa ofisi, akaanza kuhesabu H za mwaka mmoja uliopita. Zilikuwa thelathini na saba. Za hapa mjini zilikuwa tatu. Zilizobaki zote zilikuwa za Katumba, za Mishamo, za vijiji ambavyo yeye mwenyewe hajawahi kufika. Katika wenye H hizo, watano walishakatwa kwa mstari mmoja wa wino mweusi, ambao kwenye daftari una maana moja tu.

Haya alinisimulia siku moja ya mvua, alipojibanza kibarazani kwangu akisubiri ikatike. Mke wangu alimletea chai, akaikataa. Nikamwambia mimi nimeshapasuliwa, sina tena cha kukuomba. Akacheka kidogo, akaikataa tena. Halafu akasema, "Mwalimu, nilikuwa sili kwa watu ili nisije nikampendelea mtu. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nawapendelea wenye umeme." Alisema akiitazama mvua.

Jumatano asubuhi Athanasie akaletwa na bodaboda, Libérat nyuma yake amemshika. Tezi lilikuwa limeshuka mpaka kifuani na limelisukuma koromeo pembeni. Alikuwa halali chali tena. Alilala amekaa, ameegemea gunia la mahindi, na ugali alishauacha tangu Oktoba, anakunywa uji tu. Akipumua unasikia. Dokta Ponsian alimshika shingo, akasikiliza, akaifuta ile B na kuandika A. "Huyu simpi wiki mbili," akasema. "Alhamisi ikiwezekana. Isipowezekana, Jumanne. Panga, sista."

Akaenda zake. Mwanaiddi akabaki na daftari.

Alhamisi ilikuwa na watu wanne. Wawili walikuwa A. Wa tatu alitoka Karema, safari ya siku nzima, na alikuwa ameshalazwa na ameshaanza kuandaliwa. Wa nne alikuwa Hadia, B, mkazi wa hapahapa mjini, aliyeandikwa nyuma ya wote. Ukimpa mtu yeyote lile daftari amtafute wa kusogezwa, asiyemjua yeyote kati yao, ataweka kidole kwa Hadia bila kufikiri.

Lakini Jumanne nayo ilikuwapo. Watu wa Jumanne walikuwa hawajapigiwa simu bado. Wa mwisho wao alikuwa mzee mmoja wa Nsemulwa anayeitwa Yohani, ngiri, mtu ambaye Mwanaiddi hamkumbuki hata sura. Akimweka Athanasie mahali pa Yohani, Hadia anapasuliwa kesho yake kama alivyoahidiwa, Yohani anaitwa wiki inayofuata, na hajui kamwe kwamba kulikuwa na kitu. Hakuna ambaye angejua. Dokta mwenyewe ameruhusu. Ni siku tano tu.

Mwanaiddi anasema alikaa na jambo hilo karibu saa nzima. Kila alipoandika Jumanne kichwani, alisikia ile pumzi ya Athanasie pale kwenye benchi la nje. Na alisikia kitu kingine, ladha, ile ya mwaka wa kwanza. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba hapo kulikuwa na kiburi pia, kwamba alitaka ajioneshe mwenyewe kuwa hanunuliwi hata na anayempenda. Hakubisha. Alisema, "Labda. Lakini yule mama alikuwa hapumui vizuri, Mwalimu." Akamwandika Athanasie Alhamisi.

Angeweza kumpigia Hadia simu. Akaona aibu. Akaomba ruhusa, akatoka saa nane, akaja kwa miguu.

Hadia alikuwa amesuka nywele mpya, zile za kubana kichwani zisizosumbua mto wa hospitali. Duka alikuwa amelifunga. Begi lilikuwa mlangoni, na Kauthar alikuwa ameshafika anapanga khanga. Alipomwona Mwanaiddi anaingia uani kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, hakumpa nafasi ya kusema. Alikimbilia jikoni akatoka na ile sahani ya maua mekundu imefunikwa.

"Ijumaa nitakuwa wodini, nikaona nikupikie leo. Shika. Ni pilau, nimetia nyama nyingi, usije ukasema nimekuacha na njaa."

Mwanaiddi akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto. Akasema akiwa ameishika, "Hadia, kesho siyo wewe."

"Siyo mimi kivipi?"

"Kuna mgonjwa ameingia. Hali yake ni mbaya. Nimekutoa wewe. Utaitwa Jumanne."

Kauthar akaacha kukunja khanga. Hadia akamtazama Mwanaiddi, halafu akaitazama sahani. "Dokta ndiye kanitoa?"

"Dokta kasema Alhamisi au Jumanne. Mimi ndiye nimepanga."

"Huyo mgonjwa ni mtu wako?"

"Simjui. Nimemwona leo asubuhi."

 Hadia mwenyewe ndiye aliyemwambia mke wangu maneno yaliyofuata, na aliyasema bila kucheka. "Mama Farhan, miaka sita sijakuuliza hilo daftari."

"Najua."

"Hata siku moja."

"Najua, Hadia."

"Angekuwa ndugu yako ningekuelewa."

Mwanaiddi akataka kuirudisha sahani. Hadia akasema, "Nenda nayo. Nimeshapika." Akaingia ndani, na Kauthar akafunga mlango taratibu, kwa adabu, kana kwamba kuna mgonjwa amelala. Mwanaiddi akala lile pilau jioni ile, lote, peke yake, likiwa limepoa. Alikula mpaka punje ya mwisho kwa sababu alijua kwamba halitakuja lingine.

Alhamisi Athanasie akapasuliwa, ikachukua saa nne. Jumatatu iliyofuata, mashine ya kutakasia vyombo vya upasuaji ikaharibika. Kifaa chake kiliagizwa mbali, na vyombo vichache vilivyotakaswa kwingine vilitosha dharura tu. Orodha yote ikasimama. Siku tano za Hadia zikawa wiki sita. Athanasie naye, kama angeandikwa Jumanne, angekuta mlango umefungwa, na dokta mwenyewe alishasema hampi wiki mbili. Mimi nimelipima jambo hili huku na huku, na sipati pa kulishikia nimlaumu mtu. Ningependa kupata, ingekuwa rahisi.

Katika wiki ya nne Hadia akaanguka dukani, katikati ya ndoo na mabeseni. Alipelekwa hospitali akiwa mweupe kwenye viganja, akatiwa chupa mbili za damu, akarudishwa nyumbani kusubiri mashine. Mwanaiddi alikwenda wodini siku ile akiwa zamu, akasimama mwisho wa kitanda. Hadia aligeukia ukutani. Kila Jumamosi Mwanaiddi alipeleka ile sahani ikiwa na sukari, na kila mara Kauthar alimjibu mlangoni kwamba Hadia amelala. Akarudi nayo. Ikabaki kwake kabatini, imeoshwa, inangoja.

Mashine ilipopona, wa kwanza kuitwa alikuwa Hadia. Wakati huo Mwanaiddi alikuwa ameshaacha kupiga simu Jumatatu asubuhi. Aliomba kibali apige Jumapili saa moja jioni kutoka nyumbani kwake, kwa simu yake mwenyewe, wakati watu wamerudi shamba na simu ziko mifukoni. Wote wenye zile H nyekundu akawarudisha kwenye nafasi zao za zamani, mmoja mmoja. Jumapili ile alimpigia Hadia kwanza, mtu ambaye alikuwa anaona taa yake dirishani. Alimtajia majina yake yote mawili, siku na saa. Hadia akasema, "Nimesikia," akakata.

Upasuaji ukaenda vizuri. Kizazi kilitoka, Hadia akabaki. Libérat naye alikuja kutoka Katumba na gunia dogo la maharage kushukuru, akaeleza kwamba Athanasie amekula ugali na analala amejinyoosha. Mwanaiddi alifurahi mpaka akafuta macho, kisha akamwambia arudi na maharage yake. "Lakini sisi tumeshapasuliwa, sista," Libérat akasema, ameshangaa. Akarudi nayo. Hapo nilimkasirikia kweli. Maharage ya mtu aliyekwisha kupona yangemdhuru nini?

Nilikuwa na tumaini moja, na nadhani naye alikuwa nalo, ndiyo maana nalisema. Hadia sasa ametoka kwenye daftari. Hana uvimbe, hana zamu, hana cha kuomba wala cha kujizuia asiombe. Kama kuna sahani ambayo Mwanaiddi angeweza kuila bila hofu yoyote, ni ya Hadia, kuanzia sasa mpaka kufa kwao.

Jumapili moja alasiri, wiki ya tano baada ya kupasuliwa, Hadia akatokea penye uzio. Nilikuwa uani kwangu namwagia mchicha, nikamwona. Amekonda, na mkono mmoja ameuweka tumboni.

"Mama Farhan."

"Abee!" Mwanaiddi alitoka mbio, kandambili mguu mmoja.

"Nina sahani yangu kwako."

"Ipo, ipo, mama. Ngoja." Akarudi ndani. Nilisikia kopo la sukari linafunguliwa, na kijiko kinakwangua, kimoja, cha pili, cha tatu. Alikuwa anajaza.

Hadia naye alisikia. "Usitie kitu," akasema, si kwa sauti kubwa. "Ilete hivyohivyo."

 Kisha nikasikia sukari inarudishwa kwenye kopo. Mwanaiddi akatoka anaifuta sahani kwa ncha ya khanga yake, akaifuta mara nyingi kuliko ilivyohitaji, akaipitisha juu ya michongoma. Hadia akaipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole ukingoni kuona kama haina ufa. Akasema ahsante, akaenda kwake polepole, na Mwanaiddi akabaki amesimama pale na khanga mkononi. Mimi ningeweza kumwita. Uzio wangu uko hatua kumi kutoka pale. Nikaendelea kumwagia mchicha.

Saa moja jioni nikamsikia dirishani anaanza kupiga simu. Haloo, hapa ni hospitali, naongea na mume wa fulani? Naongea na mama fulani wa Mishamo? Siku hizi wanapokea wote, mlio wa kwanza au wa pili. Zamani kazi hiyo ilikuwa inamchukua asubuhi nzima. Sasa ikifika saa moja na nusu anakuwa ameshawaita wote wanane, anaiweka simu mezani, na hana mtu mwingine wa kumpigia.